Boti ya Naivasha, masaa matatu: nililipia ndege, nikapewa nyuma ya ndege

Niseme mapema hii si rivyu ya lenzi, ingawa najua mtaniuliza lenzi na nitafika huko. Hii ni rivyu ya boti ya kupigia picha za ndege Ziwa Naivasha. Boti ya faiba ya kawaida tu, injini moja, viti vya mbao vya kuumiza mgongo, na mzee mmoja anaeiendesha ambae tangu siku hiyo nimeacha kubishana na watu kuhusu lenzi gani inunuliwe.

Jina lake na namba sitaweka. Aliniambia wateja alionao wanamtosha na hataki simu za saa nne usiku za watu wanaouliza kama flamingo wapo. (Naivasha ni maji yasiyo na chumvi jamani, flamingo wengi mtawatafuta kwenye maziwa ya Bogoria na Elmenteita.) Hapa nitamuita kepteni kama wanavyomuita pale gatini.

Kidogo kuhusu mimi ndio muelewe nalalamikia nini. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na kwenye harusi nyuma, yaani bakgraundi ya picha, unaipanga mwenyewe, unamsogeza bi harusi hatua tatu kutoka ukutani, unamuomba mjomba alieshika sahani ya pilau atoke kwenye fremu, mambo yameisha. Ndege humuambii asogee. Mwaka jana nilienda ziwa hilohilo na boti nyingine, kijana mmoja mchangamfu sana, anajua majina yote ya ndege, lakini kila akiona ndege anaenda mbio hadi chini ya mti kabisa, sisi tunainua shingo, ndege yuko juu, nyuma yake ni anga jeupe la mawingu. Nilirudi Nairobi na picha mia sita za ndege weusi juu ya karatasi nyeupe, utadhani wamepangwa foleni ya picha za pasipoti. Nikasema tatizo ni lenzi yangu ya bei nafuu. Nikaanza kuweka pesa.

Sasa safari hii tulikua watu wawili, mimi na shemeji yangu, mume wa dadangu, ambae ana ugonjwa wa vifaa. Yeye alikodi Nairobi lenzi ya 600 f/4 (600 ni milimita za kuvuta mbali, na namba ya f ikiwa ndogo tundu la mwanga ni kubwa), dubwana la karibu kilo tatu, likabebwa kwenye begi lake kama mtoto. Mimi nilikua na kamera ya Canon R10 na ile lenzi ya Canon RF 100-400 ya f/5.6-8 ambayo ina gramu 635, yaani pakiti ya unga wa kilo moja ni nzito kuliko hiyo lenzi. Tuliondoka Nairobi saa kumi alfajiri, ni kilomita tisini hivi, tukafika gatini bado giza, na kepteni akafika dakika ishirini na tano baadae akiwa na chapati mkononi. Hapo namtoa alama. Jua la Naivasha linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, na ule mwanga wa kwanza laini haukungoji umalize chapati.

Bei tulielewana elfu kumi na mbili kwa masaa matatu, boti nzima, si kwa kichwa. Kabla ya kuwasha injini akatuuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu wa boti: "Mnataka kuona ndege ama mnataka picha za ndege?" Shemeji akacheka akasema si ni kitu kimoja. Mzee akamuangalia tu, akasema, "Bosi, si kitu kimoja."

Ndege wa kwanza alikua mdiria, yule mweusi na mweupe anaepigapiga mabawa akiwa amesimama hewani kabla ya kujitupa majini. Dume, mikanda miwili kifuani. Amekaa kwenye kijiti kilichotoka majini, na nyuma yake, kama mita moja hivi, ukuta wa mafunjo, mashina yamepishana, makavu na mabichi, na mengine yamevunjika yakalala. Nikapiga. Kwenye skrini ndege anaonekana vizuri, ana mwanga machoni, lakini macho yako hayakai kwake, yanavutwa na shina moja kavu lililopita nyuma ya kichwa chake likatokea juu kama antena ya redio. Huyu ndege mwenyewe ana madoa na mistari, ukimuweka mbele ya mistari mingine anakua sehemu ya takataka.

Kepteni hakuangalia skrini yangu. Aliangalia ndege, akaangalia nyuma ya ndege, akazima injini akachukua kasia. Akapiga kasia mara tatu nne, polepole, bila kutusogeza karibu, alituzungusha tu tukaenda upande kama mita nne. Akasema, "Sasa angalia, madam." Ndege yuleyule, kijiti kilekile. Lakini kutoka pale palikua na mwanya kwenye mafunjo, kama kijia ambacho viboko wanapitia usiku, na nyuma ya ndege sasa hakuna mafunjo ya mita moja, kuna mafunjo ya mbali huko ndani, kwenye kivuli. Nyuma ikawa kijani kimoja kizito kilichotulia, na yule mdiria akatoka kama amechongwa. Unaona hadi kishungi chake unyoya kwa unyoya. Sikubadilisha kitu chochote kwenye kamera. Chochote.

Sasa hapa nivumilieni kidogo kwa hesabu, kwa sababu niliifanya kwenye daftari nikiwa nyumbani na ndio iliniokoa pesa. Chukua urefu wa lenzi, zile milimita za kuvuta mbali, ugawe kwa namba ya f, unapata upana wa tundu linaloingiza mwanga. Yangu ni 400 kugawanya kwa 8, milimita 50. Ya shemeji ni 600 kugawanya kwa 4, milimita 150, mara tatu ya yangu, na ndio maana inauzwa bei ya gari. Haya, kila nukta iliyo nyuma ya ndege inatanuka ikawa duara, na ukubwa wa duara hilo ukiupima pale alipo ndege ni upana wa tundu mara umbali kutoka ndege hadi nyuma, gawanya kwa umbali wote kutoka kwako hadi nyuma. Ndege yuko mita 10, mafunjo yako mita 1 nyuma yake: 50 mara 1 gawanya kwa 11, milimita nne na nusu. Shina la mafunjo lina unene wa kidole gumba, ukilitanua milimita nne na nusu bado ni shina, unalihesabu. Ukipata mwanya ambao nyuma iko mita 10 kutoka kwa ndege: 50 mara 10 gawanya kwa 20, milimita 25. Hapo shina limeyeyuka.

Na lenzi ya shemeji pale pabaya, mafunjo mita 1 nyuma? 150 gawanya kwa 11, milimita 13 na kitu. Yaani dubwana la kilo tatu likiwa mahali pabaya halifikii kilenzi changu kikiwa mahali pazuri, na tofauti ya mahali pabaya na pazuri ilikua ni kasia nne. Bila shaka yeye akikaa pazuri ananipita mbali, sibishi, milimita 75 kwa 25 zangu. Lakini hakukaa pazuri, kwa sababu hiyo saa ya kwanza alikua amesimama.

Kusimama ndio kosa lingine na nadhani wengi hatulijui. Ukisimama kwenye boti kamera yako iko kama mita 1.8 juu ya maji. Mdiria kwenye kijiti chake yuko labda sentimita 60 juu ya maji. Unamuangalia kwa kuinamisha lenzi, kwa hiyo ukipitiliza ndege macho yako yanagonga maji mita tano tu nyuma yake, na yale maji yana mawimbi yanayometameta, majani ya gugu maji, na povu. Ukikaa chini kabisa, kwenye sakafu ya boti, lenzi ikae ukingoni iwe sentimita 70 juu ya maji, ule mstari wa macho unaenda karibu kulala, unagonga maji mita 60 huko mbali. Mita tano kwa mita sitini kwa sababu ya kukalia suruali yako. Kepteni alimuambia shemeji mara mbili akae, mara ya kwanza kwa sababu ya picha, mara ya pili akasema ukianguka hapa kuna wenyewe. Akakaa.

Na hapo ndipo niliona hiyo boti ilivyo nzuri kwa kazi hii bila wao kukusudia, kwa sababu ukingo wake ni mfupi na mbele kuna sehemu bapa unaweza kulalia tumbo. Ile ya mwaka jana ilikua na paa la turubai na viti vimeinuliwa, watalii wanaipenda kwa sababu ya kivuli, mpiga picha utaichukia.

Tukaenda kwenye miti iliyokufa. Kama hujafika Naivasha miaka ya karibuni, ziwa limepanda, maji yakaingia kwenye migunga ya pembeni, miti ikafia humo imesimama, misitu mizima ya mifupa ya kijivu ndani ya maji. Minandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi, wamejaa humo na furukombe, yaani tai mlasamaki, wanaipenda. Ni mahali pazuri kwa macho na ni jehanamu ya bakgraundi. Kila upande matawi, na matawi nyuma ya matawi, na kwa sababu yamekauka yana rangi ya kung'aa kuliko ndege mwenyewe. Hapa hata focus yenyewe inachanganyikiwa, kamera inatafuta jicho la ndege inapata tawi, unasikia lenzi inaenda mbele inarudi nyuma. Mnandi mmoja alikua amekausha mabawa kwa mkao mzuri sana, nikapiga kama picha arobaini na zote nimefuta.

Kisha kuna hizi grinihausi. Ukiangalia ng'ambo kwa macho huzioni sana, macho yamezoea, lakini kamera inaziona: mstari mweupe wa plastiki za mashamba ya maua umelala juu ya maji, na ukikaa chini kama nilivyosema, ule mstari unapita sawasawa kwenye shingo ya ndege. Nina picha ya yangeyange mzuri ajabu amekatwa kichwa na shamba la waridi. Juu yake kuna paa jekundu la hoteli, kando kuna boti ya watalii na zile laifu jaketi za rangi ya chungwa. Vitu hivi hata vikiwa ukungu mtupu bado vinasumbua, kwa sababu jicho la mtu linakimbilia kwanza palipo na mwanga mkali na rangi kali, halisubiri kujua ni nini. Kwa hilo lenzi haiwezi kukusaidia, ya elfu themanini wala ya milioni mbili. Hata ukifanya grinihausi iwe duara laini la kupendeza, ni duara jeupe la kupendeza lililokaa kichwani kwa ndege.

Dawa yake ilikua ni kepteni tena. Alijua ni kutoka pembe gani kile kisiwa kidogo cha mafunjo kinafunika zile plastiki. Akawa anauliza, "Nyuma unataka mafunjo, maji ama mlima?" Kama mtu wa kinyozi anaekuuliza namba ngapi. Akiambiwa anaangalia jua liko wapi, anaweka boti ili jua liwe mgongoni kwetu, kisha anaangalia upepo, kwa sababu ndege akiruka anaruka akikabili upepo na akitua pia anatua akikabili upepo, kwa hiyo unajua atakuja na uso upande gani na utamuachia nafasi upande gani wa fremu. Mimi hii ya upepo nilikua sijui. Miaka minne napiga ndege wikendi, sijui.

Mara moja tu alikataa. Palikua na yule mdiria mdogo wa bluu na mdomo mwekundu, ana sentimita kumi na mbili tu, kifua chake rangi ya chungwa, na nyuma yake upande mmoja kulikua na maua ya gugu maji, zambarau hafifu kwa mbali. Nikaona kabisa, chungwa na bluu mbele, zambarau na kijani nyuma, nikamuambia kepteni tusogee kushoto mita mbili tu. Akasema hapana. Nikamuambia mita moja. Akanyoosha kasia, akaonyesha mahali ambapo majani yalikua yanainuka na kushuka bila upepo. Tukakaa kimya. Baada ya dakika hivi masikio mawili yakatokea, kisha pua, kisha ile sauti ya kupumua kama breki za lori. "Hiyo nyuma unayoitaka ina mwenyewe, madam." Picha niliyopata ni ya upande wa pili, nyuma ni maji ya kijivu, sawa tu, si mbaya. Ile nyingine ninayo kichwani.

Mambo ya furukombe sasa. Boti nyingi Naivasha wanafanya hivi: wananunua samaki wadogo, wanatia kipande cha funjo ndani ili aelee, wanapiga mluzi, wanarusha, tai anashuka. Mimi sikutaka, naona tai amekua kama mtu wa kusubiri matatu, ukipiga mluzi anakuja. Shemeji alitaka, na alilipa yeye, basi nikapiga pia, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini nitamsifu kepteni kwa namna alivyorusha. Mwaka jana yule kijana alirusha popote karibu na boti, tai akashuka mbele ya maji yanayong'aa jua, picha zimeungua. Huyu alizunguka hadi mti wa tai ukawa kando yetu, na mbele yetu, mbali kidogo, ukingo wa mafunjo ambao bado jua halijaufikia, mweusi tii, na kivuli chake kimelala juu ya maji. Samaki akarushwa hapo kwenye mpaka wa mwanga. Tai akatoka, kichwa cheupe na kifua cheupe, jua limempiga lote, nyuma yake giza.

Hapa angalieni kamera zenu. Kamera ikiona fremu imejaa giza inadhani unahitaji mwanga, inaongeza, na kile kichwa cheupe kinakua karatasi isiyo na unyoya hata mmoja. Nilipunguza mwanga stopu moja na theluthi mbili (stopu moja ni kuukata mwanga nusu), shata 1/2000 ya sekunde, na bado nilipoteza picha tano za kwanza. Ukiwa na anga jeupe nyuma ni kinyume chake, unaongeza, la sivyo unapata kivuli cha ndege. Huyu mdiria mweusi na mweupe ndio mgumu kuliko wote kwa sababu mbele ya anga weupe wake unapotea na mbele ya giza weusi wa mgongo wake unapotea, anataka kijani cha katikati, na ndio maana ule mwanya wa asubuhi ulikua dhahabu.

Sasa lenzi, maana mmevumilia. Hiyo 100-400 ilitoka 2021 na kwa pesa yake sina kesi nayo, ni nyepesi, unaishika mkononi masaa matatu. f/8 ndio mpaka wake: alfajiri nilikua ISO 6400, yaani kamera inakuza mwanga mdogo hadi picha inapata chembechembe, na zile chembechembe zinaonekana zaidi hasa kwenye nyuma iliyo laini, kwa sababu kwenye nyuma ya fujo zinajificha ila kwenye ukuta wa kijani mmoja unaziona kama unga. Na duara zake za mwanga pembeni mwa fremu si duara, ni kama mbegu za boga. Ukiwa na nyuma ya maji yanayometa utaona mbegu za boga kila mahali. Lenzi ya shemeji haina hayo, na pale kwenye miti iliyokufa, ambapo hakuna mwanya wala pembe, yake ilifanya kazi ambayo yangu haiwezi kamwe, ana mnandi mmoja ambae matawi nyuma yake yamekua moshi. Nilimuonea wivu hadi Mai Mahiu, njiani kurudi Nairobi. Halafu nikakumbuka kukodi ilikua elfu ngapi kwa siku moja.

Wale wanaosema utafifisha nyuma baadae kwa programu ya simu, nimejaribu. Ilimkata mdiria kishungi, akabaki kama amenyolewa, na kile kijiti alichokalia kikawa ukungu naye akabaki amekalia hewa.

Kuna kitu kimoja nimekua nikikiwaza tangu tuliporudi na hakihusiani na kepteni. Nilipopanga picha kwenye kompyuta, zile nilizochagua kwanza zote zilikua na nyuma safi, kijani kimoja, kijivu kimoja, nyeusi moja. Nzuri sana. Dadangu akazipitia akauliza, "Hii ni wapi?" Naivasha. "Na hii?" Naivasha. Akaniambia ingeweza kua nyuma ya nyumba ya mtu. Nikaenda kuchimba kwenye zile nilizotaka kufuta, nikapata ya mwari watatu, wale ndege wa mfuko mdomoni, nilipiga kwa 100 nikiwa nimefunga tundu hadi f/11 kwa sababu kepteni aliuliza mlima na mimi kwa adabu nikasema haya mlima. Jua lilikua upande huohuo wa Longonot, kwa hiyo mlima si mlima ni kivuli cha bluu kimelala, chini yake ukungu wa maji, kando miti miwili ya mifupa, na ndio, ule mstari wa grinihausi upo pale chini unang'aa kidogo. Mwari wako wadogo kwenye fremu. Lakini midomo yao yote imeingia kwenye sehemu tupu ya maji, hakuna kinachogusana na kingine, kila mwari ana hewa yake. Ndio niliyoichapisha kubwa. Shemeji anasema imejaa vitu. Ni kweli imejaa vitu, ni ziwa.

Kwa hiyo alama: kwa kujua nyuma ya ndege nampa kepteni tisa kwa kumi, ile moja nimeiacha na kiboko. Kwa boti yenyewe sita. Viti vibaya, beba mto wako wa kukalia au hata gunia, kwa sababu utakaa sakafuni na sakafu ina maji ya samaki, suruali yangu ilinuka hadi Nairobi. Injini inatoa moshi ikiwashwa, na ule moshi ukipita mbele ya lenzi kila kitu kinakua maziwa, subirini dakika moja. Kwa muda nampa nne, si ile ya kuchelewa tu, pia alipokea simu ya mkwe wake katikati ya furukombe na mazungumzo yakawa marefu. Alitaka tumuongezee pesa atupeleke Crescent Island, tukakataa, hakununa.

Nendeni asubuhi tu. Mchana Naivasha upepo unaamka, boti inaruka, na kuanzia saa nne hivi ile nyuma ya mbali uliyoipigania inaanza kuchezacheza kwa joto kama sufuria ya chai, picha zinatoka laini hata ukiwa na lenzi ya milioni. Mimi nimeshamlipa nusu ya safari ya mwezi ujao, nimemuambia saa kumi na mbili kamili awe gatini, na chapati ziwe tatu.